Hesabu ya Majirani

Chamima ni mtoto wa dada yangu, kwa hiyo ni mwanangu, na asiyependa kusikia namsifu azibe masikio. Alizaliwa hapa Palma, akapata bolsa, yaani ufadhili wa masomo, akaenda Maputo kusomea hisabati. Watu walitusema! Mtoto wa kike, badala ya uuguzi au ualimu, anakwenda kusomea kujumlisha. Mimi niliwajibu, na wengine mpaka leo hawanisalimii.

Anachosomea alinieleza tukiwa jikoni tunakuna nazi. "Mama mdogo," akasema, "ukiwa na vyungu na vifuniko vyake vimechanganyika, kuna njia nyingi mno za kuvifunika. Mimi natafuta ile ambayo, ukijumlisha mapengo yote, inaacha pengo dogo kuliko zote." Nikamwambia mwenye vyungu hujaribu kimoja kimoja. Akacheka. Vikiwa vingi sana, akasema, hata kompyuta haiwezi kujaribu njia zote. Inaanza na mpango wowote, inabadilishanisha vifuniko viwili. Jumla ikipungua inaacha hivyo, isipopungua inajaribu vingine, mpaka hakuna badiliko linalosaidia. Kumbe maprofesa wanazeeka wakitafuta namna ya kufika hapo haraka. Nilielewa. Kwa nini mtu alipwe kwa kazi hiyo, hilo sikulielewa.

Kisha ikagunduliwa gesi huko baharini. Mji ukajaa magari meupe na wageni, samaki wakapanda bei mpaka sisi wenyewe wa pwani tukawa tunakula maharage. Kitongoji chetu kikaambiwa kitahamishwa, tutajengewa kijiji kipya chenye nyumba zilizopangwa kwa mistari. Nani atakaa wapi? Kamati yetu, ambayo na mimi nimo, ikatakiwa ilete mpango. Tusipoleta, nyumba zitagawiwa kwa kura. Chamima alikuwa amerudi kutafuta mada ya utafiti wa shahada yake ya pili. Akasema tumpe yeye kazi hiyo. Ataiuliza kila kaya inataka kukaa karibu na nani, na kompyuta itatafuta mpango ambao watu wanaohitajiana hawatatupwa mbalimbali.

Hapa lazima nimtaje Bi Awa. Bi Awa haoni. Ana mwana mmoja, Adamo, anayefuata mahindi mbali huko Pundanhar na kuyauza hapa mjini. Si mtu mbaya, ila hayupo. Siku akiwepo yeye, mkewe ndiye hayupo. Anayempikia Bi Awa, anayemshika mkono kumpeleka chooni, anayemsuka nywele, ni Wahida, ambaye si ndugu wala nini, jirani tu. Wahida akipewa nyumba ya mbali, yule bibi atashinda na njaa na hatamwambia mtu. Sote tulilijua hilo.

Basi Chamima akatukusanya shuleni, akawa anapita kwenye mikeka akiuliza, kila kaya itaje kaya moja tu. Mimi nilimtaja mke mwenzangu. Alikuwa amekaa ubavuni kwangu, amenipakatia mtoto, ningemtaja nani? Na yeye akanitaja mimi. Dada yangu akamtaja wifi yake ambaye hawapeani hata moto, kwa sababu wifi alikuwa anamtazama. Ikafika zamu ya Bi Awa, Adamo kakaa mbele yake. "Nani tena?" akasema. "Mwanangu." Wahida, kule nyuma, akainamisha kichwa. Alipoulizwa akamtaja dada wa mumewe.

Ramani ikatoka, nzuri, ina rangi. Chamima akaileta kwangu kwa furaha, jumla ya umbali kati ya waliotajana imeshuka kuliko alivyotarajia. Nikaangalia: mimi na mke mwenzangu, ua mmoja.

"Wewe mtoto, una wazimu? Niamke nimwone huyo kila siku ya Mungu?"

"Mama mdogo, si ninyi wenyewe mlionijibu?"

"Tulikujibu kwa adabu!"

Akarudisha macho kwenye ramani. Nyumba ya Wahida ilikuwa mwisho kabisa wa kijiji, ya Bi Awa mwisho wa upande wa pili. Akajipiga paji la uso. "Kompyuta haina kosa," akasema. "Imepata jawabu bora la swali ambalo hakuna aliyelijibu kweli. Na mimi nimezaliwa hapahapa, nikawauliza watu mbele za watu!" Alijikasirikia mpaka akakataa kula.

Akaanza upya, nyumba kwa nyumba, mtu peke yake. Loo, majina yalibadilika! Kwa Bi Awa alikwenda na mimi. Bibi akamvuta karibu, akamnong'oneza: "Wahida. Lakini usiandike, mjukuu wangu. Adamo atasema nimemkana."

Njiani nikamwambia aandike, na atakayeuliza aje kwangu. "Siwezi," akasema. "Jibu ni lake, si langu." Alikuwa na huzuni, na mimi nilikuwa na hasira.

Akatafuta swali jingine. Asiulize tena mtu anamtaka nani. Aulize tu jana nani aliingia nyumbani kwako, na alikuja kufanya nini. Hapo hakuna anayemkana mtu. Lakini maneno yalikuwa yameshaanza, kwamba majibu yamegeuzwa na Chamima anawapendelea ndugu zake. Kamati ikaamua kila jibu lisikike na wote. Tukarudi shuleni, kwenye mikeka ileile.

Watu walijibu vizuri. Aliyeazima chumvi akasema, aliyeletewa kuni akasema. Mke mwenzangu hakunitaja, alhamdulillahi. Chamima akapiga magoti mbele ya Bi Awa.

"Bibi, jana nani aliingia kwako?"

"Adamo," akasema bila kusita. "Aliniletea maji, akanipikia uji."

Wahida alikuwa mlangoni, ndiye aliyemleta bibi shuleni. Kalamu ya Chamima ikasimama. Mimi nilitaka kupiga kelele, wallahi. Dada yangu akanifinya paja.

Adamo akainuka. "Mama, jana nilikuwa Pundanhar."

"Basi ilikuwa juzi."

"Na juzi pia." Akamgeukia Chamima. "Andika Wahida."

Bi Awa akageuza uso kule ilikotoka sauti. "Na wewe nani amekuuliza?" akafoka. "Nimeulizwa mimi!"

"Andika Wahida," akarudia Adamo. Akaketi, akavua kofia, akajifunika nayo uso.

Chamima akaandika.