Taulo Tatu Dirishani

Sikutaka kuandika, na nalisema hili mapema ili asije mtu akajisifu kuwa amenishawishi. Mwalimu wa darasa letu la watu wazima katuagiza kila mmoja aandike habari za mtu wa kawaida, asiwe ndugu yake, kurasa nne, ziunganishwe tuwe na kitabu chetu cha kusomea. Kurasa nne! Mimi herufi nimezishika nikiwa tayari na wajukuu tisa. Ukurasa mmoja ukiisha, kiwiko kinaniuma kama nimetwanga kutwa. Nikamwambia, "Mwalimu, habari ninayo mdomoni, kaa hapo nikusimulie." Akanijibu, "Mama, mdomo wako tunaujua, tunautaka mkono wako." Darasa zima likaangua kicheko. Basi naandika kwa hasira, na ninayemwandika ni Kona.

Kona si jina lake la kuzaliwa. Jina lenyewe alilibandika kifuani kwenye sare, lakini siku zile mimi jicho moja lilikuwa chini ya bandeji na la pili lina ukungu, nisingesoma hata bango la barabarani. Wenzake walimwita Kona, nami nikamwita hivyo hivyo. Kazi yake ni mhudumu wa vyumba hotelini. Yeye ndiye anayetandika kitanda ukitoka.

Nilikuwa nimekwenda mjini kutolewa mtoto wa jicho. Daktari akataka kuniona kila asubuhi mpaka Ijumaa. Kitindamimba wangu anaishi huko huko, ila nyumba yake ilikuwa inapakwa rangi, na daktari alisema vumbi na harufu si rafiki wa jicho bichi. Mwanangu akanichukulia chumba kwenye hoteli inayotazamana na kliniki.

"Si hoteli ya matajiri, mama," akasema. "Ni ya kati tu."

Ya kati! Mlango wa mbele unafunguka wenyewe kabla hujanyoosha mkono. Nikasimama pale pale nikapiga hodi, maana mlango kufunguka ni jambo moja na mtu kukukaribisha ni jambo jingine. Binti wa mapokezi akasema, "Karibu, mama." Ndipo nikaingia.

Chumba kilikuwa ghorofa ya nne. Ufunguo ni kadi, na kadi hiyo usipoichomeka ukutani unakaa gizani. Kitanda kina mito minne kwa kichwa kimoja, na miguuni kimetandazwa kitambaa chekundu chembamba kisichomfunika hata paka. Nikamuuliza mwanangu kina kazi gani.

"Urembo, mama."

"Kwani kitanda kinakwenda harusini?"

Nililala pale Jumatatu. Jumanne nimetoka kliniki, nakuta mwanamke yuko chumbani kwangu, toroli lake la mashuka liko mlangoni, na mikono yake iko kitandani kwangu.

"Wewe! Unafanya nini?"

"Natandika, bibi."

"Bibi yako yuko kwenu. Mimi niite mama."

"Nisamehe, mama. Natandika."

Nikamwambia kwamba tangu niolewe hakuna aliyenitandikia kitanda, ila siku za uzazi, na hata siku hizo niliamka nikakirudia. Akacheka, lakini mikono haikusimama. Nikakaa kwenye kiti kama mtu anayeibiwa na hana la kufanya, nikamtazama kwa hilo jicho langu moja. Akalivuta shuka, akainua pembe, akaikunja kama bahasha, akaichomeka chini ya godoro, kisha akapitisha kiganja mara moja tu. Kona ya shuka ikasimama kama imekatwa kwa kisu. Nikajua huyu hakujifunzia hapa.

"Nani kakufundisha?"

"Mama yangu. Alikuwa anafulia watu nguo. Mimi nilikunja mashuka ya watu tangu sijaota meno ya mbele mara ya pili."

Alisoma mpaka darasa la sita, mama yake akaanza kuumwa miguu, naye akaacha shule akashika beseni. Baadaye akapata kazi ya kupiga pasi kwenye duka la dobi, akakaa miaka saba mpaka mwenye duka akaleta mashine. Mume alimpata, akazaa naye mtoto mmoja wa kike. Kisha mume akaenda mbali kutafuta kazi.

"Akaipata?"

"Aliipata, mama. Na mke akampata huko huko."

Tukacheka wote wawili, yeye kidogo, mimi sana, mpaka bandeji ikanivuta.

Mtoto alikuwa na miaka saba, anakaa kwa mama yake mkubwa, dada wa Kona, safari ya basi ya siku nzima. Kona hakuweza kuishi naye kwa sababu alikuwa katika miezi mitatu ya majaribio, na wa majaribio hupangiwa zamu yoyote, usiku, alfajiri, Jumapili. Nani angebaki na mtoto? Wakithibitishwa hupewa zamu ya asubuhi, wanatoka wakati shule zinatoka. Miezi yake mitatu ilikuwa inaisha Ijumaa ile. Shule ilikuwa inafunguliwa Jumatatu, na nafasi ya mtoto ilikuwepo jirani na chumba alichopanga, lakini ikipita Jumatatu anapewa mwingine.

"Ijumaa saa nne naitwa ofisini," akasema. "Nikitoka na kazi, dada anampandisha basi Jumamosi."

"Nani wa kukuzuia?"

Akashusha sauti. "Kurunzi."

Huyo alikuwa msimamizi wao. Anakagua vyumba kwa kurunzi mchana kweupe, anamulika chini ya vitanda kama anatafuta nyoka.

Sasa lisikilizeni kosa langu, na asiwepo wa kunikatiza. Jumatano ilikuwa siku yangu ya tatu, na mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi sikungoja kupewa. Niliamka mapema nikatandika kitanda changu, nikasugua sinki, nikafua taulo zote tatu kwa vile visabuni vyao vidogo kama peremende, vikaisha vyote viwili. Dirisha lao linafunguka shubiri moja tu, sijui wanaogopa nani atoke. Nikazipenyeza taulo nje zipate jua, nikalibana dirisha kwenye ncha zake zisiruke. Daktari alikuwa amenikataza kuinama. Daktari anajua jicho, hajui kiuno changu.

Kona akaja, akashika kichwa.

"Mama, naomba nibadilishe mashuka na nizitoe zile taulo."

"Mashuka kayalalia nani?"

"Wewe, mama."

"Mimi ni mchafu?"

"Hapana, mama."

"Basi yaache. Leo kazi imefanywa, pumzisha mgongo."

Akachukua karatasi yake kwenye toroli, ile ya kutia alama kila chumba kilichomalizika. "Basi niandike kwamba mgeni amekataa huduma. Ndiyo utaratibu wetu."

Hapo nikapanda juu kama maziwa. "Nimekataa nini? Nimekusaidia, halafu uniandike nimekataa? Utakuwa umenisingizia, na nitasema hivyo hivyo mbele ya huyo Kurunzi wako."

Akaizungusha kalamu mkononi. Amelelewa, hawezi kubishana na mtu wa umri wangu. Akatia alama kwamba chumba kimefanyiwa usafi. "Sawa, mama," akasema, akasukuma toroli lake. Nami nikaenda kliniki nimejaa kifua, nimemfanyia mtu wema.

Alhamisi alikuja mhudumu mwingine, mama mmoja mnene, mwenye haraka.

"Kona yuko wapi?"

"Kapelekwa chini kwenye mashine za kufulia. Kesho anapewa barua yake ya kwaheri."

"Kafanya nini?"

"Kadanganya. Jana Kurunzi alikuwa nje barabarani, akaona taulo tatu za hoteli zinaning'inia dirishani, watu wanapiga picha. Kapanda kukagua, kakuta kitanda kimelala upande kama mlevi, shuka kulia linafagia sakafu, kushoto godoro liko uchi. Na karatasi ya Kona inasema chumba tayari."

Nitasema ukweli. Kitu cha kwanza kilichoniuma ni kitanda. Kimelala upande, kitanda changu mimi? Nikakigeukia nilichokitandika asubuhi hiyo, nikakipapasa kwa mikono pande zote mbili. Kulia shuka lilikuwa sakafuni. Kushoto, upande wa bandeji, nilishika godoro tupu.

"Kwa nini hakusema ni mimi?"

"Tulimwambia aseme. Akajibu, yule mama kaniomba nisimwandike."

Nikakaa. Akilini nilimwona mtoto wa miaka saba anasubiri basi na begi lake.

Kisha nikavaa viatu, nikashuka. Lifti nilikuwa naiogopa, siku zote nilimwambia mwanangu napenda ngazi. Siku hiyo niliingia peke yangu nikafumba hata hilo jicho zima.

Msimamizi nilimkuta ofisini nyuma ya mapokezi, mrefu, kurunzi kaining'iniza mkandani.

"Wewe ndiye Kurunzi?"

Binti wa mapokezi akajifanya anakohoa. Inaonekana hakuna aliyewahi kumwita hivyo machoni pake.

"Nikusaidie nini, mama?"

"Kitanda kilichopinda nimekitandika mimi. Taulo nimezifua mimi."

Akatabasamu lile tabasamu la kumpoza mtoto. "Mama, wageni wengi huwatetea wahudumu. Mna huruma."

"Huruma? Mimi? Waulize watoto wangu. Twende juu."

Tukapanda. Nikalivua shuka lote, nikatandika mbele yake tangu mwanzo, jinsi ninavyotandika siku zote. Nilipomaliza, akainama akamulika kulia, akazunguka akamulika kushoto. Akaizima kurunzi.

"Ndicho hicho hicho," akasema.

"Sasa umeamini."

"Nimeamini. Lakini meneja ndiye anayeamua, na maneno ya mdomo hayakai kwenye faili. Iko fomu ya maoni ya wageni. Sema, nikuandikie."

"Wewe ndiye uliyemshtaki, utaandikaje utetezi wake? Lete kalamu."

Wakati ule nilikuwa na miezi mitano tu darasani. Nilikuwa sijawahi kumwandikia mtu yeyote kitu chochote, zaidi ya jina langu kwenye daftari la mahudhurio. Nilikaa mapokezi tangu watu wanakunywa chai mpaka wanakula mchana. Fomu ina mistari myembamba kama nyuzi, herufi yangu moja inakula mitatu. Binti wa mapokezi akaniongezea fomu ya pili, ya tatu, ya nne, akawa ananiletea maji bila kuuliza. Jicho lilitiririka. Niliandika hivi, nakumbuka kila neno kwa sababu kila neno nililichimba:

"Kitanda ni mimi. Taulo ni mimi. Alitaka kuandika nimekataa nikamkataza. Yeye si mwongo. Mimi ni mkaidi."

Hilo neno la mwisho lilinichukua muda kuliko mengine yote, na si kwa ajili ya herufi.

Kurunzi akasoma fomu zote nne amesimama. "Hata hivyo alitia alama, mama. Alijua si kweli."

"Alijua. Nilimbana. Kwani wewe kwenu hakuna bibi?"

Akajikuna shingo. "Yupo. Mwaka juzi kalazwa, kafua pazia za wodi."

"Zikatakata?"

"Zilichanika." Mdomo ukamcheza. Akazitia fomu zangu kwenye faili, lakini hakuniahidi kitu.

Ijumaa mwanangu alikuja kunichukua saa tatu. Nikamwambia siondoki.

"Mama, chumba tumeshakirudisha."

"Chumba sikitaki. Nataka kiti hiki."

Nikakaa kwenye kiti kinachotazama mlango wa ofisi. Saa nne Kona akapita, sare imepigwa pasi, mikono kaikutanisha mbele. Aliniona, akaniamkia kwa adabu, akaingia. Mwanangu akaanza kutazama saa. Nikamwambia akitazama tena nitalala hapo hapo.

Mlango ukafunguka. Kona akatoka na karatasi mbili.

"Ya kwanza ni onyo," akasema. "Nikitia alama ya uongo tena, natoka."

"Haki yao. Na ya pili?"

Akanipa niisome mwenyewe. Niliipata herufi kwa herufi, kwa jicho moja, karatasi imegusa pua, huku yeye anasubiri na machozi yanamshuka: zamu ya asubuhi. Akapiga simu pale pale. "Dada? Mpandishe basi kesho. Ndiyo, kesho! Mvalishe sweta."

Kisha akanigeukia. "Mama, siku nyingine ukija..."

"Siku nyingine nitakaa kwenye kiti."

"Utaweza?"

"Sitaweza. Ila utaandika nimekataa, na mimi nitatia sahihi."

Mwaka wa pili huu yuko ghorofa ile ile, na wahudumu wapya hupelekwa kwake wajifunze kukunja ile bahasha. Mtoto yuko darasa la tatu. Amenizidi kusoma, lakini mwandiko wangu ni mkubwa.

Nimemaliza, na mkono umekufa ganzi. Sasa wewe uliyesoma mpaka hapa umekaa tu, usinipigie makofi. Yuko mtu aliyebeba kosa lako akanyamaza kwa kukuheshimu. Usiniambie hayupo. Nenda kwake leo, au kwa yule aliyemhukumu, useme ni wewe. Ukirudi uniandikie alikujibu nini, kwa mkono wako mwenyewe, na herufi ziwe kubwa. Ukileta visingizio sisomi.