Urafiki Kwenye Kompyuta ya Maktaba

Miaka ile ya soko huria, maktaba ya chuo chetu Morogoro ilipata kompyuta moja ya kutafutia makala za utafiti. Tulijiandikisha kwa zamu, nusu saa kila mtu. Mimi nilichukua na zamu za wenzangu waliochoka, maana mimi ni mbishi tangu kuzaliwa.

Nilitafuta makala kuhusu ulemavu na urafiki. Zikaja za ulemavu na wauguzi, ulemavu na misaada, ulemavu na mzigo kwa familia. Hasira zikanipanda. Nikabadili maneno: polio, majirani, wenzi, michezo. Kila neno niliandika kwenye daftari, kwa sababu msimamizi wangu wa utafiti alisisitiza nisiache mpaka majibu yaanze kujirudia.

Rafiki yangu wa Mkuyuni alipooza miguu kwa polio tukiwa wadogo. Alisuka mikeka barazani kwao. Koo zetu ni watani, hivyo tulitukanana maisha yetu yote bila ugomvi. Wengine walimpa pole. Mimi nilimwambia avute hiyo miguu yake anipishe nikae. Alicheka mpaka machozi. Nilitaka kuona kama kuna mtu, popote duniani, aliyeandika kitu kama hicho.

Masika yale kifua kilimbana. Akanitumia salamu kwa mama mmoja muuza ndizi: "Mwambie mtani wangu, kama bado anatafuta rafiki kiwete, huku yupo mmoja. Aje upesi, asije akaisha."

Nilicheka sana. Nikajibu kwamba nitakwenda majibu yakianza kujirudia. Salamu za pili nazo zilikuwa utani mtupu. Nilimjua, hutania zaidi akiwa na hofu. Hata hivyo nikaenda maktaba.

Majibu yalianza kujirudia Jumatano. Alhamisi nikapanda gari la Matombo, nikashuka Mkuyuni, nikakuta watu wamekaa chini nje kwao. Walikuwa wamemzika jana yake.

"Shikamoo, mama," nilimwambia mama yake.

"Marahaba, mwanangu. Tulikusubiri wewe."

Kwetu mtani ndiye humtania marehemu msibani, ili wafiwa wapate kucheka kidogo. Watani wengine walikuwepo, lakini mama aliwakataza. Alisema mtani mwenyewe anakuja.

Akanitandikia mkeka wa mwanawe pale barazani. Watu wote wakanigeukia, wakingoja. Nikafungua mdomo nimwambie avute miguu anipishe nikae, na mkeka mzima ulikuwa wazi.