Msusi kwenye Tamasha la Ayalandi

Msusi wa Xiaobei, mtaa wenye Waafrika wengi, hajui kukaa na mikono mitupu. Hata akipumzika, vidole vyake husokota mfuko wa nailoni, na kitana chake chenye mkia hakibanduki kichwani, kimechomekwa juu ya sikio la kulia. Judica, mwanafunzi anayesukwa naye kila mwezi, ndiye aliyemleta kwenye tamasha hili la ngoma za Ayalandi hapa Guangzhou, China, na sasa alijuta, maana hata yeye hakuelewa kitu. Fidla za Ayalandi, wasichana wa Kichina, mawigi mekundu ya mawimbi. Miguu inarukaruka kama imekanyaga makaa, mikono imening'inia tu ubavuni. "Mdogo wangu, mikono yao ina nini?" msusi aliuliza. "Sijui, dada. Labda ndiyo sheria."

Mara wigi la binti mdogo kuliko wote likamshukia machoni. Hakuinua mkono. Alicheza hivyo hivyo, haoni, mpaka muziki ukaisha. Aliposhuka jukwaani, msusi akamkalisha sakafuni katikati ya magoti yake, kama mteja yeyote. "Nishikie," alimwambia kwa Kiswahili, akampa kitana, akalibana wigi kwa pini alizokuwa amezing'ata. Mwalimu wao alibaki kaduwaa. Fidla zikaanza tena, binti akakimbilia jukwaani. Msusi akapeleka mkono juu ya sikio, akapapasa, hakukuta kitu. Kule jukwaani mikono yote ilikuwa imenyooka ubavuni, mmoja umefumbata kitana. Msusi akaitazama mikono yake mwenyewe, akaiweka mapajani, ikatulia.