Maziwa ya Mzee Karanja na Mfalme wa Ufaransa

Mfuniko wa mtungi wa maziwa ukianguka kwenye saruji hulia mara moja kwa nguvu, kisha huzunguka ukinung'unika mpaka ulale. Sauti hiyo bado naisikia vizuri, kwa sababu niliuangusha mmoja siku Muthoni aliponipigia simu.

"Wanja, Jumamosi naongea mbele ya watu hapa Kihoto, mambo ya wafalme wa Ulaya wa zamani. Nikifanya vizuri napewa darasa la historia la vijana wa kanisa. Niletee ile laktomita yenu."

Hakuniambia nije nisikilize. Aliniambia nilete.

Nyinyi wa hapa Kabazi mnatujua. Muthoni ni binti wa mjomba, na tulichuma kahawa pamoja tangu tukiwa wadogo. Kile kitabu cha historia kisichokuwa na jalada nilikipata mimi. Ni mimi niliyemsimulia, tukiwa katikati ya mibuni, habari za mfalme wa Ufaransa aliyejifananisha na jua, ambaye wakubwa wa nchi waligombania kumshikia shati akiamka. Lakini yeye alisoma mpaka chuo cha ualimu, na mimi niliachia kidato cha pili, nikapata kazi ya kupima maziwa kwenye kituo cha ushirika. Kazi naipenda, na wateja tunacheka nao. Ila Muthoni akisifiwa, kuna kitu huniuma hapa chini ya mbavu. Nilisafiri kwa sababu nilitaka, hata mara moja tu, watu wajue kwamba mimi pia najua.

Ijumaa asubuhi lori la maziwa lilinibeba hadi Nakuru. Laktomita nilikuwa nimeivalisha soksi ya sufu isivunjike, maana ni kioo kitupu, kijiti kinachoelea. Kikizama sana, tunajua maziwa yametiwa maji.

"Unaenda kufundisha?" dereva akaniuliza.

"Naenda kubeba soksi."

Alicheka mpaka tukapita mji wa Bahati. Nilicheka pia, lakini si sana.

Kutoka Nakuru nilipanda gari la Naivasha. Tulipopita Elementaita, ziwa lilikuwa limetulia na ukingo wake mwekundu wa ndege heroe, nami nikaota nimesimama mbele ya ukumbi, Muthoni amenishikia mkoba. Ndoto hiyo ilinifikisha Gilgil bila kuhisi njia.

Kihoto, mtaa wa Naivasha kando ya ziwa, nilifika mchana. Kuta za nyumba nyingi zina mstari wa tope usawa wa kiuno, mahali ziwa lilipofika lilipofurika, na nyingine zimebaki bila milango. Muthoni alinipokea amevaa miwani.

"Sasa, Wanja. Umenona."

"Ni maziwa. Na hiyo miwani?"

"Sioni mbali siku hizi, kusoma kumezidi."

Mungu anisamehe, nilitamani macho yangu pia yawe mabovu.

Jumamosi saa tatu tulikuwa ukumbini. Mzee Karanja, mzee wa kanisa aliyeshika ufunguo na ambaye ndiye angeamua kuhusu darasa, alileta maziwa ya ng'ombe wake kwenye mtungi mdogo. "Nimekamua sasa hivi," akasema, akanipa niyapeleke mbele. Mtungi ulikuwa na joto kama shavu la mtoto. Maziwa yakiwa na joto hivyo, laktomita huzama hata kama hayana tone la maji. Kila mpimaji analijua hilo, Muthoni halijui. Niliuweka mtungi mezani, nikaketi, nikanyamaza.

Aliongea vizuri, siwezi kuficha. Alisema yule mfalme wa jua aliamini amepewa mamlaka na Mungu, kwa hivyo hakuna binadamu wa kumuuliza. Akaeleza kuhusu Mwingereza mmoja aliyeona vita vya nchi yake akasema ni afadhali watu wote wampe mmoja nguvu zote kuliko kumalizana. Baadaye Mwingereza mwingine akajibu kwamba hayo ni makubaliano, na mtawala akiyavunja, watu wanazichukua tena nguvu zao. Karne hiyohiyo, mzee mmoja wa Italia alitazama miezi ya sayari nyingine kwa darubini, na wakubwa wakamnyamazisha.

"Watu walianza kusema, usiniambie, nionyeshe," Muthoni akasema. "Hata sisi leo hatutaamini neno la mkubwa. Tutapima."

Akatumbukiza laktomita. Ikazama mpaka alama ya ishirini na tano, na maziwa safi hayashuki chini ya ishirini na saba. Aliitazama, akanitazama, nami nikaangalia dirisha.

"Mzee," akasema polepole, "chombo kinasema maziwa haya yana maji."

"Ni ya ziwa hayo," kijana mmoja akapaza sauti nyuma. "Ziwa liliingia mpaka kwa ng'ombe."

Ukumbi ukavunjika kwa kicheko. Hapo ndipo nilipongojea kufurahi, na kweli nilifurahi, labda kwa pumzi mbili. Kisha nikamwona Mzee Karanja amevua kofia, anaigeuzageuza mapajani.

"Miaka yote nauzia watu hapa," akasema.

Niliinuka. Niliomba beseni la maji baridi, nikauweka mtungi ndani, nikawaambia watu tungoje. Tulingoja. Nilipima tena: ishirini na tisa. Nikamwita yule kijana wa nyuma aje asome mwenyewe kwa sauti, na akasoma.

"Maziwa ni safi," nikasema. "Yalipimwa yakiwa na joto."

"Wewe ni mwalimu wa wapi?" Mzee Karanja akaniuliza.

Kabla sijafungua mdomo, Muthoni akatabasamu. "Ndiyo maana nilimwita, Mzee. Nilitaka muone jinsi hata mwenye chombo anavyoweza kukosea akiachwa peke yake."

Wakampigia makofi. Darasa akapewa.

Jioni tukiosha vyombo akaniuliza, "Ulijua tangu mwanzo?"

"Nilijua."

"Na ukanyamaza."

"Na wewe ukadanganya."

Alinirushia povu la sabuni. Hatukuombana msamaha.

Jumapili nilirudi, Gilgil, Nakuru, Bahati, na wivu wangu nikaurudisha nyumbani mzima. Nilichojifunza ni kidogo: sikuhitaji taji kuwa kama yule mfalme. Ilitosha kujua jambo ambalo wengine hawalijui, nikalikalia.

Jumatatu, kituo kilipobaki kitupu, nilinunua daftari la mistari. Nikachukua jagi la maziwa yaliyokamuliwa muda huo, nikayapima kila baada ya dakika kumi yakipoa, nikiandika kila alama ilipofika. Kwenye ukurasa wa kwanza, juu kabisa, nikaandika majina yangu yote matatu.