Cadette na Balbu Isiyounguza

Cadette alikuwa na mdomo, na soko zima la Kashikishi, hapa Zambia, lilijua. Alivuka kutoka Pweto, upande wa Kongo, mwaka vita iliporudi kwao, akapelekwa kambini Mantapala pamoja na wengine, akapewa hema na kipande cha shamba. Shamba lilimshinda. Alikuwa mtoto wa soko, mikono yake ilijua kugeuza samaki na kubishana bei, si kushika jembe. Siku moja aliondoka bila karatasi ya ruhusa, akaja huku kando ya ziwa, na Mable akampa chumba cha nyuma.

Mable, mama yake Memory, ambaye huku tunamwita Bana Memory, ndiye mwenye nyumba inayotazamana na meza yangu ya vitumbua. Hakumwuliza Cadette karatasi. Lakini wote wawili walijua, nami nilijua, kwamba mkimbizi akikutwa nje ya kambi bila ruhusa anarudishwa. Cadette aliogopa kurudishwa kuliko njaa. Gari la serikali likipita, aliingia chini ya kitanda na kukaa humo mpaka nimwite. Neno moja la Mable lingetosha kummaliza, na Mable hakulisema. Walipika chungu kimoja, wakasukana nywele, wakanisengenya mimi.

Kisha ikaja habari ya balbu.

Sheria yenyewe sina ugomvi nayo. Mvua zilikosa, maji ya mabwawa ya umeme yakapungua, tukawekwa gizani mpaka samaki wakaoza ndani ya friji. Balbu za zamani, zile za waya unaowaka mwekundu, zilikuwa zimekwisha kupigwa marufuku kuingizwa nchini kwa sababu zinakula umeme mwingi. Huku kwetu ziliendelea kuvuka ziwa kwenye mitumbwi, zimefungwa katikati ya nguo za mitumba. Ndipo wakaja watu wa kampeni ya kuokoa umeme. Lete balbu ya zamani, upewe mpya bure. Zima jiko usilolitumia. Ukinunua friji, tazama kibandiko chake kwanza, ujue inakula kiasi gani. Walisema kwa Kibemba na Kiingereza, na wachuuzi wa kutoka visiwa vyetu vya Kilwa na Chisenga walielewa, lakini Wakongo waliwatolea macho tu.

Cadette akasimama kutafsiri. Hakuna aliyemtuma. Alitafsiri vizuri kuliko walivyosema wenyewe, na soko likacheka na kumsikiliza. Walipoondoka walimwachia fulana, kofia na maboksi ya balbu, wakamwomba aendelee. Karatasi hakuna aliyeuliza. Watu wakaanza kumwita Mama Balbu, naye akaanza kutembea katikati ya barabara.

Kila asubuhi alivuta waya kutoka duka la jirani, akawasha balbu mbili mezani, ya zamani na mpya, akawaita watu.

"Mushike! Mushike hii mupya, hamutaungua!" alipaza sauti. "Sasa mushike ile ya zamani, muone kama ngozi haitoke! Ile moto yote ni nini? Ni kuran yenu, umeme yenu, inapotea bule! Mutu anatafuta mwangaza, anauzishiwa moto!"

Watu walishika, wakapiga kelele, wakacheka, wakaenda nyumbani kufungua balbu zao. Hata mimi nilibadilisha. Alifanya kazi ile kwa moyo wote, lazima niseme hivyo, ingawa alinichosha masikio.

Tatizo lilikuwa nyumbani kwa Mable. Miezi ile ziwa hufungwa, hakuna kuvua, na mwanamke wa samaki lazima ajitafutie kitu kingine. Mable alifuga vifaranga vya nyama. Aliwaleta wakiwa wa siku moja, akawaweka kwenye sanduku kubwa la samaki lililozungushiwa magunia, na juu yao akaning'iniza balbu mbili za zamani, chini kabisa, karibu na migongo yao. Umeme ukikatika aliwasha mbaula ya makaa, ukirudi aliwasha balbu. Miezi yote ya kufungwa kwa ziwa, nyumba ile ilikula kutokana na sanduku lile.

Kwa Cadette lilikuwa aibu. Watu wa kampeni walikuwa wamempigia simu kwamba wakubwa wao kutoka Mansa, mji wa mkoa, watakuja siku moja kuona kazi yake. Wangeionaje, wakati nyumba anayolala yeye mwenyewe inawaka balbu zilizokatazwa?

"Bana Memory, unipe zile mbili," alimwambia Mable nikisikia. "Nitakuwekea mupya. Ku boksi banaandika, hii ndogo iko sawasawa na ile kubwa."

"Awe, hapana, niache," Mable alicheka. "Ile balbu ni mama yao."

Basi akafa mtoto wa mjomba wake Mable huko Mununga, naye akajifunga chitenge kwenda kuzika na kulala matangani. Vifaranga alimwachia Cadette. Nilikuwepo alipomwagiza: maji yasikauke, chakula kisipungue, na taa isizimike hata kidogo. Alisema taa. Hakusema joto, maana nani anamfundisha mtu mzima kwamba kifaranga anahitaji joto? Lakini Cadette kwao vifaranga walilala chini ya mama yao, na kifaranga wa sandukuni hakuwahi kumlea. Alidhani wanamulikiwa ili waone chakula na wasiogope giza.

Mable alipopanda gari tu, Cadette akazifungua zile balbu mbili na kuweka zake. Alikuja kununua vitumbua uso unang'aa. "Leo hata nyumba ya Bana Memory iko mu sheria!" aliniambia. "Atarudi, atanishukuru."

Mwanamke huyu alikuwa amesimama wiki nzima akiwaambia watu balbu yake haina moto. Aliwashikisha mkononi. Alisema neno lile mpaka sauti ikamkauka, na yeye mwenyewe hakulisikia. Bado linanitia hasira.

Jioni ikaja mvua na upepo wa ziwani. Asubuhi nilisikia mayowe kabla sijawasha mkaa. Vifaranga walikuwa wamejirundika kwenye pembe moja, wanapandana wakitafuta joto, na walio juu wamewaua walio chini, kisha na wenyewe wakafa. Mwangaza ulikuwa mzuri sana. Uliweza kuhesabu kila kidole. Wachache walikuwa bado wanafungua midomo, Cadette akawatia kifuani ndani ya nguo, na huko pia wakafa.

Mable alirudi mchana. Alisimama juu ya sanduku, akanyoosha mkono, akaishika balbu ikiwa inawaka. Akaishika muda mrefu.

Cadette alipiga magoti palepale kwenye matope. "Unipige, Bana Memory! Unipige, lakini usinyamaze! Sikujua, vraiment, kweli sikujua! Nitakutumikia, nitauzisha hata nguo yangu!"

"Ni mambo inafikaka ku kila mutu," Mable alisema. "Simama. Utachafua nguo."

Nilitamani ampige kweli. Aliwachimbia vifaranga shimo, akanawa, akapika ubwali, ugali wa huku, akamwita Cadette mezani. Kwetu huli na mtu uliye na neno naye, chakula kikiliwa pamoja jambo limekwisha. Walimega bakuli moja. Cadette alilia huku anakula, na alipotoka aliniambia, "Amenisamehe. Yule mama iko na roho ya Mungu." Alipomaliza kuniambia hayo akaanza kupanga atakavyomlipa, na kutoka hapo akahamia kwenye habari za wakubwa wa Mansa, maana hata msiba haukuweza kumfunga mdomo kwa muda mrefu.

Siku iliyofuata Mable alipita mbele yangu amevaa nguo zake za kanisani, na haikuwa Jumapili. Alishika njia ya ofisi za serikali. Sikumwuliza kitu, naye hakunisalimu.

Gari lilikuja karibu na saa sita, lina nembo ya serikali mlangoni. Zamani Cadette angekuwa chini ya kitanda kabla halijasimama. Safari hii alipiga kelele ya furaha, akaingia ndani, akatoka na fulana ya kampeni na kofia, anakimbia kulilaki.

"Karibuni, bakubwa wetu! Njo miye! Ni miye Cadette!"

Ofisa aliteremka na kumtazama kuanzia kofia mpaka miguuni. "Cadette nani?"

"Cadette Ilunga, wa Pweto!" alisema, na kuvuta fulana ikae sawa.

"Karatasi ya kutoka kambini?"

Alicheka, akidhani ni utani. Kisha akaona askari wawili walioteremka garini wamekwisha kusimama nyuma yake. Nilimwona akielewa, na sipendi kukumbuka uso ule. Hakukimbia. Aligeukia nyumba.

"Bana Memory! Ubaambie! Ubaambie niko mutu wako!"

Mable alikuwa kizingitini anachekecha unga. Ofisa alimwuliza kwa Kibemba kama anamfahamu mwanamke huyu. Nilimtazama Mable nikimwomba moyoni, mwambie ndiyo, mwambie amekosa lakini ni wako. Mable aliweka chekecheo chini. Angeweza kujibu kwa Kibemba, kama alivyoulizwa, lakini alijibu kwa Kiswahili, polepole, akimtazama Cadette, ili neno limwendee yeye, si ofisa.

"Huyu mutu simujue. Alikuyaka tu kulala bule ku nyumba yangu."

Cadette hakulia tena. Alivua kofia, akapanda nyuma ya gari bila kusukumwa, akakaa chini kwenye bati. Kabla ya Jumapili chumba cha nyuma kilikuwa na mpangaji mwingine.