Harufu za Majirani

Mwaka ule wa kuhamia vijiji vya ujamaa, mbwa wangu alivunjika mguu. Bwana mifugo alipanda mlima kutoka Kilosa mjini, akaufunga kwa vijiti na kamba ya mkonge, akaniamuru nisimwache atembee mpaka mfupa uunge. Mbwa wa kuwinda nguruwe, eti alale tu barazani! Alilia mchana kutwa mpaka nikamfokea.

Basi nikawa natembea kwa niaba yake. Kila jioni nilizunguka kitongoji kizima peku, nikikanyaga nyua za majirani na mahali mbwa wao walipolala, kisha nikarudi kumnyooshea miguu yangu. Aliinusa kidole kwa kidole, mkia ukipiga sakafu, kama mtu anayepewa habari za nyumbani.

Lakini majirani walikuwa wanahamia bondeni, mmoja mmoja. Mimi niligoma, kwa kuwa lori la kuhamisha watu halikupakia mbwa; wa majirani walilifuata kwa miguu, wangu hakuweza. Wa mwisho akaondoka, na mvua ikaosha nyua zao. Nikazunguka kama kawaida, nikarudi, nikanyoosha miguu. Aliinusa mara moja, akageukia ukutani. Nilikuwa nimemletea harufu yangu mwenyewe tu.