Mkono wa Dirishani

Kila asubuhi jirani yangu, fundi cherehani, alisimama dirishani kwake akainua mkono wa kushoto, nami huku jikoni nikimpungia, nikidhani ananisalimia. Siku nilipomtania kwamba salamu zake ni za kifalme, alicheka mpaka akalazimika kuketi. "Sikuwa nakupungia, shoga. Nalijaribu bega." Anatibiwa saratani ya titi kwa mionzi, na huko hulazwa mkono ukiwa juu ya kichwa, na baridi yabisi imemkalia begani miaka mingi. Bega likigoma kupanda, mashine haiwashwi. Tangu siku hiyo nami huinua wangu, kumsindikiza.

Yeye huongea taratibu, akipumzika kati ya neno na neno. Vidole vimemvimba kama tangawizi, kutunga uzi hawezi, lakini sindano bado huichomeka kwenye ukosi wa gauni kila anapovaa. Chai hupoa akiitazama. Nikimwambia alale kidogo, hunikata jicho: "Nimelala mpaka nimechoka kulala. Uchovu huu hausikii usingizi."

Leo mkono wake umefika usawa wa sikio, ukashuka. Ameushika kwenye kiwiko kwa mkono wa pili, akausukuma kama anayepandisha gunia. Ukashuka tena. Ameegemeza paji la uso kwenye kioo, kisha akaitoa sindano kwenye ukosi, akaiweka dirishani na kuvuta pazia. Mkono wangu ulikuwa bado juu.